Kliniki ya Meno na Maabara Kufanya Kazi kwa Mafaili: Mwongozo kwa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Krauni, yaani kofia bandia ya kufunika jino lililosagwa, isiyokaa vizuri mara nyingi huwa imeharibika kabla mashine ya kuchonga haijawashwa. Imeharibika pale daktari alipoiacha fizi ikifunika ukingo wa jino alilolisaga, au pale oda ilipofika maabara ikiwa na namba ya rangi, "A2", peke yake, au pale fundi alipogundua kasoro kwenye faili siku mbili baada ya mgonjwa kurudi kwao Nansio, kisiwani Ukerewe. Skana ya kinywani, programu za usanifu na printa havikuondoa makosa hayo. Vimeyapa tu njia ya haraka zaidi ya kusafiri. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya kliniki na maabara za meno za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, unashughulika na makubaliano kati ya daktari na fundi kuliko aina za mashine, na unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: fundi alitazame faili wakati mgonjwa bado amekaa kitini.

Kuchagua njia mnayoimudu

Kliniki yenye skana ya kinywani huchukua umbo la meno moja kwa moja mdomoni na kulituma maabara kama faili. Kliniki isiyo na skana huchukua vipimo kwa silikoni, maabara humimina plasta ngumu, kisha fundi huuskani mfano huo kwa skana ya mezani; kuanzia hapo usanifu, uchongaji na uchapishaji huendelea kwa kompyuta kama kawaida. Ipo pia njia ya kliniki kumiliki kila kitu, tangu skana hadi tanuri, njia ambayo imejulikana tangu mfumo wa CEREC ulipoanza kutumika Zurich mwaka 1985, lakini hiyo haihitaji maabara na kwa hiyo haituhusu hapa.

Kwa kliniki inayotengeneza krauni chache kwa mwezi, njia ya pili haina aibu yoyote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye busara, kwa kuwa silikoni iliyochukuliwa vizuri na kuskaniwa maabara huzaa kazi bora kuliko skana ya bei kubwa iliyo mikononi mwa mtu anayeitumia mara moja kwa wiki mbili. Jambo la kuepuka ni kusafirisha vipimo vya alijineti, ule unga wa kuchukulia vipimo unaochanganywa na maji. Alijineti hupoteza maji na kusinyaa, na inapaswa kumiminwa plasta ndani ya nusu saa hivi. Ikifungwa kwenye mfuko na kupakiwa basi kutoka Musoma au boti kutoka Ukerewe, kinachofika maabara ni umbo la mdomo usio wa mtu yeyote. Ambaye hana kingine zaidi ya alijineti amimine plasta hapo hapo kliniki na kutuma mfano uliokwisha kukauka. Silikoni ya polivinili siloksani hudumu siku kadhaa bila kubadilika, lakini nayo lazima ioshwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufungwa, na lebo ieleze dawa iliyotumika, kwa sababu fundi asiyejua hilo ataitia dawa mara ya pili.

Zipo pia kazi ambazo skana ya kinywani haizifai. Mdomo usio na jino hata moja, wenye fizi laini zinazosogea, bado unapimwa vizuri zaidi kwa njia ya zamani. Daraja refu, yaani meno bandia yaliyoungana na kushikizwa kwenye meno ya jirani, linalozunguka upinde mzima wa taya linahitaji tahadhari, kwa kuwa skana huunganisha picha ndogo ndogo nyingi na kosa dogo la kila kiungo hujikusanya kadiri safari ya skana inavyorefuka. Vivyo hivyo jino ambalo ukingo wake umezama chini sana ya fizi: skana huona kile tu mwanga unachokifikia.

Makubaliano kabla ya mgonjwa wa kwanza

Kabla ya kutumiana kazi ya mgonjwa, daktari na fundi wakae pamoja, ana kwa ana ikiwezekana, waandike mambo machache kwenye ukurasa mmoja. Waandike aina ya faili linalopokelewa, namba za meno zinazotumika, muda wa fundi kujibu, siku za kutengeneza, na nani atalipia kazi ikirudiwa. Hili la mwisho ndilo watu wa heshima huona haya kulizungumzia, na ndilo huvunja ushirikiano. Utaratibu wa haki ni huu: fundi akionya kwamba faili lina kasoro na daktari akaagiza kazi iendelee, gharama ya kurudia ni ya kliniki; lakini fundi akilipokea faili bila kusema neno, kisha krauni isikae, gharama ni ya maabara. Utaratibu huo humlazimisha fundi kutazama, na humlazimisha daktari kusikiliza.

Kuhusu namba za meno, tumieni mfumo wa tarakimu mbili wa FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani, kisha mhakikishe kwamba programu za pande zote mbili zimewekwa hivyo, kwa sababu programu nyingi huruhusu kuchagua. Katika FDI, 14 ni gego dogo la kwanza la juu kulia. Katika hesabu ya Marekani ya 1 hadi 32, namba hiyo hiyo ni gego kubwa la kwanza la juu kushoto. Fundi makini atagundua, lakini fundi aliyechoka na mwenye oda nyingi hawezi kulaumiwa sana asipogundua. Kwenye oda andikeni namba pamoja na maneno: "14, gego dogo la kwanza, juu kulia."

Jambo jingine la kukubaliana mapema ni kipimo cha sindano ya mashine ya kuchonga. Sindano ya kumalizia yenye unene wa milimita 1 haiwezi kuchonga ndani ya krauni pembe iliyo nyembamba kuliko yenyewe. Daktari akiacha kwenye jino ncha kali kama ya kisu, programu italazimika kupanua tundu la ndani ili sindano ipite, na krauni itacheza mahali pale hata kama ukingo umekaa. Fundi amwambie daktari unene wa sindano zake, naye daktari azungushe pembe zote za jino.

Kuliandaa jino na kuliskani

Skana ichukuliwe mara mbili. Mara ya kwanza iwe kabla ya sindano ya ganzi na kabla ya kusaga chochote, nayo ihusishe meno ya juu, ya chini, na mng'ato, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Sababu ni kwamba mgonjwa aliyetiwa ganzi, ambaye ameachama kwa nusu saa, mara nyingi hukosea kuuma, na mng'ato uliochukuliwa wakati huo humpa fundi uhusiano wa taya usio wa kweli. Skana hiyo ya kwanza pia humwonyesha fundi umbo la jino lilivyokuwa, iwapo halikuwa limevunjika, akaweza kuliiga.

Baada ya kusaga, kazi kubwa ni ya fizi na umajimaji. Wekeni uzi wa kusukuma fizi, mtulize damu, mkaushe, kisha mskani mara moja kabla fizi haijarudi. Damu na mate hung'aa, na skana hudhani ule mng'ao ni sehemu ya jino. Uso wa kutafunia wa krauni ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, huhitaji nafasi ya milimita 1 hadi 1.5 kulingana na aina ya zirkonia, na glasi ya kauri ya lithiamu huhitaji zaidi kidogo. Programu nyingi za skana zinaweza kupima nafasi hiyo papo hapo na kuionyesha kwa rangi, hivyo hakuna sababu ya kuacha swali hilo lijibiwe maabara.

Mng'ato uskaniwe pande zote mbili. Ulinganisheni na alama za karatasi ya mng'ato mdomoni: kama karatasi inaonyesha magego ya kushoto yanagusana na skrini inaonyesha uwazi, skrini ndiyo iliyokosea.

Faili, oda na siri ya mgonjwa

Faili la STL, ambalo ndilo linalotumika zaidi, lilibuniwa mwaka 1987 na kampuni ya 3D Systems ya Marekani kwa ajili ya mashine za kuchapisha vitu vya umbo. Halikubuniwa kwa ajili ya meno, na asili hiyo inaonekana: limebeba pembetatu za uso wa kitu basi. Halina rangi, halina jina la mgonjwa, halina namba ya jino, na hata kipimo cha urefu halikitaji, ingawa kwa mazoea ya kazi hii wote huchukulia kuwa ni milimita. Kama skana yenu inaweza kutoa PLY au OBJ, tumeni hilo pia, kwa sababu rangi humsaidia fundi kutofautisha jino na fizi anapotafuta ukingo. Picha za taya kwa ajili ya vipandikizi, yaani skrubu zinazowekwa kwenye mfupa kubeba jino bandia, huja katika mfumo wa DICOM na ni nzito zaidi. Hizo zipangiwe muda wake.

Kwa kuwa faili lenyewe ni bubu, kila kitu kingine lazima kiandikwe kwenye oda: namba ya kazi, jino, aina ya kifaa, malighafi, rangi, umri na jinsia ya mgonjwa, siku ya kujaribisha, na neno lolote ambalo daktari angelisema kama fundi angekuwa amesimama pembeni ya kiti. Kwa mfano: mgonjwa husaga meno usingizini, jino la jirani litang'olewa mwezi ujao, mgonjwa ni mpiga tarumbeta kanisani na hataki jino la mbele lirefushwe hata kidogo.

Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye faili. Tumieni namba ya kazi, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na ina masharti yake kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Kliniki inayotuma usanifu Nairobi au mbali zaidi ijue kwamba inabanwa nayo, na mgonjwa aelezwe kazi yake inakwenda wapi.

Skana ya taya mbili na mng'ato huweza kufikia makumi ya megabaiti. Pakieni mafaili kwenye folda moja iliyobanwa, na mtume kwa njia moja tu inayojulikana, iwe ni mfumo wa skana yenyewe au hifadhi ya mtandaoni yenye nenosiri. WhatsApp ibaki kwa mazungumzo mafupi. Picha za rangi zikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na kupoteza undani, kwa hiyo zitumwe kama waraka.

Dakika ambazo mgonjwa bado yuko kitini

Hapa ndipo faida kubwa ya kazi ya mafaili ilipo, na hapa ndipo kliniki nyingi huipoteza. Zamani daktari alijua kwamba vipimo vyake vina kasoro baada ya plasta kumiminwa, na wakati huo mgonjwa alikuwa amekwisha kuondoka. Sasa fundi anaweza kuliona jino dakika chache baada ya kuskaniwa, popote alipo, mradi awe amekaa mezani pake na awe anajua kwamba kazi inakuja.

Kwa hiyo pangeni saa. Maabara itaje saa za asubuhi ambazo kila siku kuna fundi wa usanifu mezani, na kliniki iwapange wagonjwa wa krauni na madaraja ndani ya saa hizo. Mgonjwa anayetoka Nansio kwa meli, au Sengerema na Geita, asipangwe saa kumi jioni fundi anapofunga mlango. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewapunguzia watu wa ng'ambo ile foleni ya kivuko, lakini nauli ya safari ya pili bado ni nauli, na siku ya pili ya kuacha duka au shamba bado ni hasara.

Daktari akimaliza kuskani, atume kwanza faili la taya lenye jino lililosagwa, hata kabla ya mengine, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua kama mgonjwa anaweza kwenda. Wakati mafaili mengine yanapakiwa, msaidizi anatengeneza krauni ya muda. Fundi naye hana haja ya kusanifu chochote kwa wakati huo. Anatazama mambo manne: ukingo unaonekana mzunguko mzima, nafasi ya kutafunia inatosha, mng'ato unaeleweka, na hakuna matundu mahali meno ya jirani yanapogusana. Jibu lake liwe fupi na litaje mahali:

"Habari za kazi, Daktari. Kazi 118, jino 36. Ukingo upande wa ulimi umefunikwa na fizi, kama milimita 2 kuelekea 37. Sehemu nyingine zote ni safi, nafasi inatosha. Naomba urudie hapo tu."

"Nimekupata, fundi. Naweka uzi upya. Nipe dakika kumi."

Kurudia "hapo tu" kunawezekana kwa sababu programu ya skana huruhusu kufuta eneo dogo na kulijaza upya bila kugusa mengine. Daktari aliyekuwa akitumia silikoni angelazimika kurudia kipimo kizima. Ujumbe wa namna hii huweza kumwudhi daktari mwanzoni, hasa daktari mwandamizi anayekosolewa na fundi kijana mbele ya msaidizi, na ndiyo maana inafaa makubaliano ya maandishi yaseme wazi kwamba fundi ana wajibu wa kuonya. Akiwa na wajibu, hana utovu wa adabu.

Mtandao ukiwa mbovu siku hiyo, fundi atumiwe angalau picha za skrini za ukingo kutoka pande nne. Hazitoshi kwa usanifu, lakini zinatosha kwa kuamua kama mgonjwa aondoke au abaki.

Rangi

Rangi ichaguliwe kabla ya kuskani na kabla ya kusaga, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na linachukua muda kurudi. Tumieni mwanga wa mchana karibu na dirisha, mgonjwa awe amefuta rangi ya midomo. Kibao cha rangi, kwa kawaida kile cha VITA chenye rangi 16 kuanzia A1 hadi D4, kishikwe sambamba na jino, katika umbali ule ule kutoka kwenye kamera, na maandishi yake yasomeke kwenye picha. Rangi inayopendekezwa na skana ichukuliwe kama ushauri.

Kanda yetu ina jambo lake. Kama ilivyo Arusha na Kilimanjaro, baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa yana maji ya visima yenye floridi nyingi, na watu waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia na michirizi myeupe ambayo hakuna kibao chochote kinachoionyesha. Krauni safi ya A3 katikati ya meno hayo huonekana kama jino la kuazima. Daktari amuulize mgonjwa waziwazi kama anataka krauni ifanane na jirani zake kwa madoa yake yote, au anataka jino lisilo na doa. Wapo wanaotaka hili na wapo wanaotaka lile, na jibu ni lao. Liandikwe kwenye oda pamoja na picha mbili za karibu, moja ya meno yenye unyevu na nyingine ya tabasamu zima, maana fundi aliye mbali ambaye hajawahi kuona meno ya namna hiyo anaweza kudhani kwamba picha ina hitilafu.

Usanifu, idhini na utengenezaji

Krauni moja ya gego haina haja ya idhini ya usanifu kila mara, fundi aaminiwe. Kazi ya meno ya mbele, madaraja, na chochote kinachokaa juu ya kipandikizi kitumwe kwa daktari kama mfano wa kuzungushwa kwenye skrini, naye ajibu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Ukimya usihesabiwe kuwa idhini. Kwa meno ya mbele ningeshauri kwanza ichongwe krauni ya majaribio ya plastiki, mgonjwa akae nayo siku chache, aongee, ale, aulize watu wa nyumbani; kuikata upya plastiki ni kazi ya dakika, kuikata zirkonia iliyokwisha kuchomwa ni hatari ya ufa.

Zirkonia huchongwa ikiwa laini kama chaki na kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa sababu tanurini, kwenye joto la nyuzi 1,450 hadi 1,550 za Selsiasi, husinyaa kwa takriban asilimia 20 hadi 25. Kila kipande cha malighafi huja na namba yake ya usinyaaji kutoka kiwandani, na fundi lazima aiingize kwenye programu; akitumia namba ya kipande cha jana, krauni itabana au kulegea bila sababu inayoonekana. Mzunguko wa kawaida wa tanuri huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, na umeme ukikatika katikati hauwezi kuendelezwa kama pasi iliyozimika. Maabara iwe na chanzo mbadala kinachoweza kweli kubeba mzigo wa tanuri, na ile UPS ndogo ya kompyuta haitoshi. Siku ya kujaribisha inayopewa mgonjwa iwe na akiba ya siku moja kwa ajili ya usiku wa namna hiyo.

Mifano ya meno iliyochapishwa kwa rezini ioshwe na kukaushwa kwa mwanga wa UV mpaka mwisho kabla ya krauni kujaribishiwa juu yake, kwani mfano usioiva hupinda.

Kazi inaporudi kliniki

Daktari ajaribishe kwa utaratibu ule ule kila mara: kwanza miguso na meno ya jirani kwa uzi wa meno, kisha ukingo kwa kijiti chenye ncha, na mng'ato mwishoni. Anayeanza na mng'ato husaga juu ya krauni ambayo tatizo lake lilikuwa mguso wa pembeni ulioizuia kushuka. Marekebisho yoyote yaandikwe na kurudishwa kwa fundi kwa kipimo na mahali, kama vile "nimesaga mguso wa upande wa 37 kidogo, ukingo safi." Krauni tano zikirudi na maneno yale yale, fundi atabadilisha namba moja kwenye programu na tatizo litakwisha kwa wagonjwa wote watakaofuata. Daktari anayesaga kimya kimya kila wiki hamsaidii fundi wake, na hajisaidii mwenyewe.

Mara moja kwa mwezi pande zote mbili zipitie kazi zilizorudiwa, zikiwa na faili la kila kazi mbele yao kwenye skrini. Faili la kazi iliyokataliwa lisifutwe mpaka kazi mbadala iwe imefungwa mdomoni.